Mwongozo kamili: kupiga shoti kinanda cha mtoto kwa makusudi kitoe sauti za ajabu bila kukiua

Wakuu, tangu niweke zile rekodi za kinanda changu cha mtoto, meseji ninazopata ni zilezile: "nimejaribu kimezima", "kimetoa moshi", "mbona changu kinalia kawaida tu". Nimepitia picha mlizonitumia moja moja na karibu wote mmekwama sehemu moja. Mnafungua kinanda, mnachukua kipande cha waya, mnaanza kugusisha huku na kule kabla hamjajua umeme wa betri unapita wapi. Kinanda changu cha kwanza kilikufa hivyohivyo, waya ulipata moto mkononi hadi nikauachia, na kinanda hakikulia tena.

Kwa hiyo leo ni hatua kwa hatua. Kazi yenyewe, sakiti bendingi, ni kupiga shoti kwa makusudi ndani ya toi la umeme ili chipu ichanganyikiwe na itoe sauti ambazo aliyelitengeneza hakuzipanga. Huhitaji kuwa fundi redio, ila utahitaji uvumilivu na daftari, na daftari sio utani, utaona mbele.

## Kabla ya yote: betri tu

Fanya hii kazi kwenye toi la betri, basi. Volti 3, 4.5 au 6 za betri ndogo hazikuumizi hata ukigusa na mkono wenye maji. Umeme wa ukutani wa volti 230 unaua. Kama kinanda kina tundu la adapta, lisahau, hata siku ukimaliza kazi usichomeke adapta, kwa sababu vidole vyako vitakuwa vinagusa saketi moja kwa moja na adapta za bei poa huwezi kuziamini.

Betri za simu na za lithiamu nazo weka mbali. Zikipigwa shoti zinatoa mkondo mkubwa na zinaweza kushika moto. Tumia zile betri za AA za bei ya chini za saa ya ukutani. Hapa unyonge wao ni faida, ukikosea haziwezi kusukuma umeme mwingi.

Jambo lingine, toi ukishalifungua na kulichokonoa lisirudi kwa mtoto. Litakuwa na risasi ya kulehemu, waya wazi na skrubu ndogo.

## Vitu vya kuandaa

- Kinanda cha mtoto, au toi lolote linaloimba au kuongea
- Betri za AA za kutosha
- Bisibisi ndogo ya nyota
- Pasi ya kulehemu ya wati 25 hadi 40 yenye ncha nyembamba, na risasi nyembamba
- Waya mwembamba laini, wa redio mbovu unafaa kabisa
- Waya zenye vibanio vya mamba, angalau nne
- Rezista (vipande vinavyopinga umeme) za 1k, 10k na 47k, chache chache; k ni om elfu moja, kipimo cha upinzani
- Voliumu ya 1M, yaani rezista ya kuzungusha ya om milioni moja (mgongoni imeandikwa B1M au B105)
- Rezista ya mwanga, dukani ulizia LDR
- Swichi ndogo tatu nne, na kitufe kimoja cha aina inayokata umeme ukibonyeza
- Multimita (kipima umeme), hata ya bei ndogo
- Rangi ya kucha nyekundu na nyeusi
- Daftari, kalamu, na simu ya kupigia picha

Mimi nipo Dar, vitu hivi vyote nimevipata Kariakoo, na voliumu na waya nimepewa bure na fundi redio wa mtaani kwenye boksi lake la vyuma chakavu. Wa Nairobi nendeni Luthuli Avenue. Fundi ukimweleza unachofanya atashangaa kidogo halafu atakusaidia.

## Hatua ya 1: chagua toi sahihi

Hapa watu wanapoteza nusu ya vita. Toi zuri lina spika halisi ya duara yenye karatasi au plastiki laini, linatumia betri za AA, na ukilitikisa unahisi kuna bodi ya ukubwa wa maana ndani. Yale madogo ya betri za vidonge yenye kisahani chembamba cha bati badala ya spika yanatoa mlio mmoja mkali, hayana kitu.

Bora zaidi ni la mtumba, la zamani kidogo. Matoi ya miaka ya nyuma yana chipu nyingi zilizotenganishwa, chipu moja ina kumbukumbu ya sauti na nyingine inasoma, ndio maana mashine kama Speak & Spell ya mwaka 1978, toi la kufundisha tahajia kwa sauti, inasakwa sana na watu wa kazi hii: ukigusa njia kati ya chipu mbili, data inavurugika na maneno yanakatikakatika. Haya mapya mengi yana kila kitu ndani ya tone moja jeusi gumu kama lami. Bado yanafaa, nimeyafanya mengi, ila uje na matarajio sahihi: utapata mabadiliko ya spidi, noti zinazong'ang'ania na mikwaruzo. Hotuba za maneno yaliyochanganyika usizitegemee.

Hakikisha linafanya kazi vizuri kabla hujalifungua. Toi bovu halitakwambia kama kosa ni lako au lilikuja nalo.

## Hatua ya 2: fungua taratibu

Toa betri. Fungua skrubu zote, ukiona kifuniko kinang'ang'ania usikivunje, kuna skrubu imejificha chini ya stika au ndani ya chumba cha betri. Skrubu zikiwa na urefu tofauti zipange kwenye karatasi kwa mpangilio uliozitoa, kwa sababu ndefu ikiingia tundu la fupi inapasua plastiki.

Piga picha bodi pande zote mbili, na hasa pale waya wa betri na wa spika ulipolehemewa. Waya hizi ni nyembamba kama uzi na zinakatika kwa kugeuzwageuzwa tu, nadhani theluthi ya "kimezima" mnazonitumia ni waya wa spika uliochomoka. Weka tone la gundi ya moto juu ya kila kiungo kabla hujaendelea.

Umefaulu kama umerudisha betri, bodi ikiwa nje ya boksi, na kinanda bado kinaimba.

## Hatua ya 3: weka alama njia za umeme

Hii ndio hatua mnayoiruka, na hii ndio inayoua vinanda.

Toa betri tena. Fuata waya mwekundu (chanya) kutoka chumba cha betri hadi kwenye bodi, kisha fuata ile njia ya shaba inakokwenda, kila kidoti cha risasi kilichoungana nayo kipake tone dogo la rangi ya kucha nyekundu pembeni yake. Halafu waya mweusi (hasi), vidoti vyake paka nyeusi. Usiamini macho peke yake, weka multimita kwenye mlio wa kupima waya, ncha moja kwenye chumba cha betri, nyingine pitisha kwenye vidoti, kinacholia ni cha familia hiyo. Kapasita (kipande kinachotunza umeme) kubwa ya duara nayo itakusaidia, mguu wa upande wenye mstari ni hasi.

Sheria ni moja: nyekundu na nyeusi hazigusani kamwe. Wala usianze na shoti yoyote inayoanzia kwenye nyekundu.

Tia alama na waya mbili za spika. Kwenye matoi mengi waya mmoja wa spika umeunganishwa moja kwa moja na chanya, na wa pili unaenda kwenye transista ndogo ya miguu mitatu, mara nyingi imeandikwa S8050. Ukigusisha huo wa pili na hasi, betri nzima inamwagika kwenye spika, koili inapata moto, spika imekufa. Nimeona picha mbili za hivyo mwezi huu.

Umefaulu kama unaweza kufumba macho, mtu akakunyooshea kidoti chochote, ukafumbua na kusema "hiki salama" au "hiki hapana" bila kusita.

## Hatua ya 4: tafuta spidi kwa kidole kibichi

Sasa raha inaanza. Ndani ya chipu kuna kitu kama mapigo ya moyo, na kila sauti inatoka kwa kuhesabu mapigo hayo. Kasi ya mapigo kwenye matoi mengi inapangwa na rezista moja tu. Upinzani ukipungua, mapigo yanaongezeka, wimbo unakuwa wa haraka na mwembamba. Ukiongezeka, wimbo unazama kama redio ya kaseti inayokata betri.

Rudisha betri, washa wimbo wa demo ujiimbie wenyewe. Chovya kidole kwenye maji, kisidondoshe, kiwe na unyevu tu. Usilambe, risasi ni sumu. Halafu geuza bodi upande wa vidoti na uanze kubonyeza kidole polepole, eneo kwa eneo, ukianzia karibu na lile tone jeusi.

Mara nyingi hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha ghafla wimbo unajivuta juu kama mtu anayeukunja kwa mkono, ukikandamiza zaidi unapanda zaidi, ukiachia unarudi. Hapo umefika. Mwili wako umekuwa rezista ya pili sambamba na ile ya kiwandani, ndio maana spidi imepanda. Wakati mwingine sauti inayumba au inashuka badala ya kupanda, nayo ni dalili nzuri, upo jirani.

Punguza eneo hadi ujue ni vidoti viwili gani. Geuza bodi uone rezista gani imekaa hapo. Tafuta yenye thamani kati ya 100k na 330k: mistari ya kahawia-nyeusi-njano ni 100k, nyekundu-nyeusi-njano ni 200k, chungwa-chungwa-njano ni 330k. Kama ni zile ndogo za kubandikwa utasoma namba 104, 204 au 334.

Andika daftarini. Piga picha ukiwa umeonyesha kwa kalamu.

## Hatua ya 5: weka voliumu ya spidi

Toa betri. Pasha mguu mmoja wa ile rezista ukiuvuta taratibu kwa nyuma hadi utoke, mwingine uache. Ikiwa ni ya kubandikwa, ongeza risasi pande zote mbili, pasha upande huu na upande ule haraka haraka, itateleza yenyewe. Ncha ya pasi isikae kwenye kidoti zaidi ya sekunde tatu, zaidi ya hapo shaba inabanduka kwenye bodi kama ganda la kitunguu na kurudisha ni kazi.

Kabla ya kulehemu chochote jaribu kwa vibanio vya mamba. Kutoka sehemu moja ya ile rezista, weka 47k, kutoka kwenye 47k nenda mguu wa kati wa voliumu, kutoka mguu wa pembeni wa voliumu rudi sehemu ya pili.

Kwa nini 47k? Kwa sababu voliumu ikizungushwa mwisho inafika sifuri, na chipu ikipewa sifuri inakimbia kuliko uwezo wake na kuganda. Hii 47k ni breki. Chukulia ya kiwandani ilikuwa 200k: ukiwa na 47k peke yake mapigo yanakwenda kama mara nne, yaani okteva mbili juu, na voliumu ikiwa imefunguliwa yote unapata zaidi ya 1M, kama mara tano chini. Huko chini ndio kuna utajiri, kibao cha "paka" kinakuwa mlango wa meli unaofunguka, ngoma inasikika chembechembe za sauti moja moja. Na ukipandisha ngoma ya kinanda hadi mwisho, kwa sisi tuliokulia kwenye singeli ile kasi tunaijua.

Ikiwa bado kinaganda juu, badilisha 47k uweke 68k au 100k. Ikiwa kuzungusha kulia kunapunguza na wewe ulitaka kuongeza, hamishia waya mguu wa pembeni wa upande wa pili.

Umefaulu kama unazungusha mwanzo hadi mwisho na kinanda hakigandi hata mara moja.

## Hatua ya 6: windo la shoti

Chukua waya wenye ncha mbili na katikati yake ulehemu rezista ya 1k. Huu ndio mkuki wako. Kwa betri za volti 4.5 hiyo 1k hairuhusu zaidi ya miliampea 4.5, hivyo hata ukiteleza ukagusa pabaya kuna nafasi kubwa chipu ikapona. Wanaoniandikia kuhusu moshi, wote walitumia waya mtupu.

Chora bodi yako daftarini, hata vibaya, na upe kila kidoti salama namba. Washa demo, spidi weka chini kidogo ili usikie mabadiliko vizuri. Ncha ya kwanza iweke kidoti 1, ya pili ipitishe 2, 3, 4 hadi mwisho. Kisha ya kwanza ihamie 2, na kuendelea. Inachosha, mimi kinanda kimoja hunichukua jioni nzima, lakini ni humu ndimo unapokutana na sauti ambazo hakuna mtu mwingine duniani anazo.

Kwa kila jozi andika unachosikia kwa maneno yako: "3 na 11, noti inang'ang'ania", "5 na 9, ngoma inajirudia", "7 na 14, mkwaruzo kama mvua ya bati", "6 na 8, kinaganda". Usiseme utakumbuka. Nilipoteza shoti moja nzuri mno, kama kwaya inayolia chini ya maji, kwa sababu sikuandika, na nimeitafuta kwenye bodi ileile hadi leo sijaipata.

Ukigusa na chipu au transista ikaanza kupata joto, achia papo hapo na uandike "hatari". Shoti zinazotoa tu noti za kawaida ni njia za vibao vya kinanda, sio mbaya, zikishikiliwa na swichi zinakupa mlio mrefu usiokatika ambao ni msingi mzuri wa kujaza sauti nyingine juu yake.

Chagua nne au tano unazozipenda kweli. Ukilehemu ishirini, kinanda kitajaa waya na hutajua nini kinafanya nini.

## Hatua ya 7: lehemu swichi na kitufe cha kuzindua

Kila shoti uliyochagua ipe swichi yake, waya mmoja kidoti hiki, mwingine kile, na 1k yake ibaki katikati. Kama sauti inakuja dhaifu kwa 1k shusha hadi 220, ila kwa jozi ambazo umeshahakikisha hazipo kwenye familia ya umeme. Paka risasi kwenye ncha ya waya kwanza, kisha kwenye kidoti, halafu viunganishe kwa mguso mfupi. Kiungo kizuri kinang'aa na kinashuka kama kichuguu kidogo, kiungo kibaya ni kibonge cha mviringo kisichoshika.

Kisha kile kitufe kinachokata. Kata waya mwekundu wa betri, uweke kitufe katikati. Chipu zinazochanganywa zinaganda, hilo ni la kawaida, na bila kitufe hiki utakuwa unatoa betri kila dakika. Bonyeza na ushikilie sekunde tatu nne, kwa sababu kapasita inabaki na umeme kidogo na chipu haizinduki mpaka uishe.

Matundu ya swichi toboa kwa drili ya mkono. Msumari wa moto unayeyusha plastiki na ule moshi haufai kuvutwa. Kabla ya kutoboa hakikisha nyuma ya pale kuna nafasi, funga kifuniko kwa majaribio kwanza.

## Hatua ya 8: mwanga na vidole

Ukiwa na LDR iweke kwa swichi mahali pa voliumu, 47k ikibaki palepale. Kwenye giza upinzani wake ni mkubwa sana na kwenye mwanga unashuka mno, kwa hiyo ukipitisha mkono juu yake sauti inapanda na kushuka bila kugusa kitu. Jioni kwenye taa ya chumba inakuwa laini. Mchana juani inakimbilia juu yote na kukaa huko.

Kwa vidole, chukua vile vidoti viwili ulivyovipata kwa kidole kibichi, vitolee waya hadi kwenye skrubu mbili za shaba juu ya boksi. Ukizigusa zote mbili unapinda sauti kwa ngozi yako.

## Hatua ya 9: kutoa sauti nje

Kwenye waya wa spika usio wa chanya, toa waya, weka kapasita ya 1µF upande wake wa chanya ukielekea spika, kisha 10k, halafu ncha ya jeki (plagi ya waya wa sauti). Kati ya ncha ya jeki na hasi weka 1k. Kapasita inazuia umeme mtulivu wa betri usipite, na hizo rezista mbili zinapunguza nguvu hadi kama sehemu moja ya kumi na moja, la sivyo unaweza kuunguza mlango wa kifaa unachochomeka.

Chomeka kwenye spika ya betri au rekoda. Usichomeke kwenye amplifaya ya umeme wa ukutani huku vidole vipo kwenye zile skrubu, kama amplifaya haina ethi (waya wa ardhini) nzuri umeme unaweza kukurudia kupitia mwili wako.

## Kikizima

Usikitupe. Toa betri, bonyeza kibao chochote sekunde kadhaa, subiri nusu dakika, rudisha. Vinanda vingi "vilivyokufa" vimeganda tu. Bado kimya? Angalia waya wa spika, kisha wa betri, kisha ile njia ya spidi, maana 47k ikichomoka chipu haina mapigo kabisa na haitasema kitu. Pima volti ukiwa umewasha. Kama umeme unafika, waya zote zimeshika, swichi zote umezizima, na tone jeusi linachoma kidole, basi hiyo chipu imeondoka. Toa spika, voliumu na swichi uziweke kwenye kopo kwa ajili ya kinachofuata.

Mkikwama nitumieni picha ya bodi ikiwa imepakwa rangi nyekundu na nyeusi tayari, pamoja na ukurasa wa daftari wenye zile jozi. Bila hivyo viwili siwezi kujua kosa liko wapi.